Kiraka Juu ya Sikio la Kushoto

Sokoni kuna watu wanaosema kizuri chajiuza. Kipara aliwasikia akawaacha waendelee kusema, huku wakifunga maduka yao mmoja baada ya mwingine. Yeye alikuwa na kanuni yake, aliyoipata kwa kusimama juani na kofia za kuuza zimepangwa mkononi kutoka kiganjani hadi begani: unapouza, sifia, unaponunua, tukana. Na kile unachokitaka zaidi ndicho unachokitukana zaidi. Shati lina kola nzuri? Iseme kola. Kiti kina miguu imara? Itikise hiyo miguu, guna, tazama pembeni. Mwenye mali akianza kukitetea kitu chake, ujue bei imeshaanza kushuka ngazi.

Kwa kanuni hiyo alitoka kwenye kofia za mkononi akafika kwenye meza, akatoka kwenye meza akafika kwenye duka lenye kioo mbele na taa ndani. Jina la Kipara alipewa na wateja, wala hakulikataa. "Muuza kofia mwenye nywele nani atamwamini?" alikuwa akisema, akiupapasa utosi wake uliong'aa kama kikombe kilichotoka kuoshwa. "Mimi kofia naijua kwa shida, si kwa urembo."

Ugonjwa wa kofia za marubani ulimwingia kupitia robota la mitumba. Alikata kamba za robota akitarajia kofia za sufu za watoto, na katikati akakuta moja ya ngozi ya kahawia, yenye mifuko miwili ya kufunika masikio na mkanda wa kidevu. Akaitupa kwenye fungu la zisizouzika. Wakati wa kufunga duka akaiokota, akaivaa kwa utani, ikamkaa. Kile kipara kilichozoea kuchomwa na jua mchana na kupigwa na baridi alfajiri kikatulia kama mtoto aliyefunikwa. Akauliza huku na huku ile ilikuwa kofia ya nani. Akaambiwa ni ya rubani wa kijeshi wa enzi ambazo ndege hazikuwa na paa, mtu anaruka uso wazi, na upepo wa huko juu unagandisha masikio.

Kilichomnasa si ushujaa. Ushujaa hauna bei, na kisicho na bei Kipara hakukielewa sana. Kilichomnasa ni kwamba katika kofia zile hakuna mshono uliowekwa bure. Ngozi ni kwa sababu ya baridi. Redio zilipoingia ndani ya ndege, kwenye masikio pakatobolewa nafasi ya kuweka spika. Ndege zilipokuwa na kasi ya kutisha, ngozi ikaachwa ikaja kofia ngumu, maana kichwa kilikuwa kinagongwa kwenye kioo kama embe kwenye gunia. Halafu kioo cha giza cha kushusha usoni, kwa kuwa juu ya mawingu jua halina huruma. Ukizipanga kwa mfuatano, unasoma jinsi binadamu alivyopanda juu hatua kwa hatua, na kila hatua alivyoumia.

Hadithi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya kofia za kaki zenye ukingo mbele. Katika vita kuu ya pili, marubani wa ndege za mabomu walikuwa wakichomoa waya wa ndani unaoifanya kofia isimame, ili spika za masikioni zikae juu yake. Kofia ikalala, ikakunjamana. Basi wengine, hata wasiopanda ndege, wakaanza nao kuchomoa waya, ili waonekane wametoka angani. "Umeona?" Kipara aliwaambia wateja, akicheka mpaka mabega yakamcheza. "Hata jeshini kuna sifa za mitumba."

Miaka ikapita, kofia zikajaa chumba cha nyuma cha nyumba yake. Za ngozi, za kitambaa za kukunja na kupachika mkandani, bereti zenye beji ya mabawa, kofia ngumu zilizochubuka rangi. Kila moja ilikaa juu ya kichwa cha mbao alichochongewa na seremala, na ukifungua mlango ghafla ulidhani umeingilia mkutano.

Mkewe, Mama Pacha, alivumilia. Mabinti wao mapacha waliolewa, chumba kikawa hakina kazi. Lakini sasa mmoja wao alikuwa anarudi nyumbani kujifungua, na uvumilivu ukaisha.

"Mjukuu wangu halali chumba kimoja na watu wasio na shingo," alisema.

"Ni vichwa vya mbao tu, mama."

"Hata wewe kichwa chako cha mbao, lakini wewe unatoka humo asubuhi. Vitoe."

"Nivipeleke wapi?"

"Ulipovileta ulijua njia."

Palikuwepo mahali pamoja tu pa kuvipeleka. Kwenye uwanja wa zamani wa ndege, ambao siku hizi ulitumika kufundishia watu kuendesha magari, jengo la abiria lilikuwa linageuzwa ukumbi wa maonyesho. Aliyepewa kazi hiyo alikuwa mwongoza ndege mstaafu, mrefu, mwembamba, ambaye kila mtu alimwita Mnara. Alikuwa ameongea na marubani kwa redio maisha yake yote, na sasa aliongea hivyohivyo na watu wa kawaida: maneno machache, bila salamu ndefu, na ukimjibu vibaya anasema, "Rudia."

Mnara alikuja kuzitazama kofia. Akazunguka chumba, mikono nyuma, akiinama kila baada ya hatua. Kipara alimfuata akimsifia kila moja, sauti ya dukani, hadi koo likakauka. Mwishowe Mnara alisimama mlangoni.

"Kofia nzuri," alisema. "Vichwa viko wapi?"

"Vichwa si hivyo vya mbao, mzee?"

"Vya wenyewe. Nani alivaa hii? Nani alivaa ile?"

Kipara akakuna utosi. "Zimetoka kwenye marobota. Zingine nimebadilishana na watu wa mbali. Wenyewe walishakufa, nadhani."

"Kofia zisizo na wenyewe ni duka la kofia. Duka unalo tayari." Mnara hakusema kwa dharau, alisema kama anayetoa taarifa ya hali ya hewa. "Niletee moja. Iliyovaliwa na mtu aliyeruka kutoka uwanja huu, na ushahidi kwamba ni yake. Nikiipata hiyo, ukuta wote wa mbele ni wako, na hizi zingine zitaeleza ile moja. Nisipoipata kabla ya kufungua, ukuta nampa yule mwenye propela."

Kipara alimjua mwenye propela. Alikuwa na propela moja tu, tena imevunjika, na aliipigia makelele kama ana ndege nzima. Kushindwa na mtu huyo kungekuwa kumeza mwiba. Na zaidi ya hapo palikuwa na jina. Mtu aliyeanza na kofia za mkononi, jina lake kwenye ukuta wa jengo ambako zamani askari wa getini alimfukuza. Hilo hakumwambia mtu, hata mkewe.

Mkewe ndiye aliyemtegulia kitendawili hicho. "Yule Matroni aliyenizalisha pacha," alisema akikunja nguo, "marehemu mumewe si alikuwa rubani wa jeshi hapohapo uwanjani?"

Kipara alisimama na kijiko mdomoni.

"Nenda na adabu," Mama Pacha aliongeza. "Yule mama hachezewi. Madaktari wenyewe walikuwa wanafunga vifungo vya makoti wakisikia viatu vyake."

Nyumba ya Matroni ilinukia dawa ya kuulia vijidudu kuanzia barazani. Sakafu iling'aa kiasi kwamba Kipara aliona aibu kuikanyaga, na kabla hajakaa alielekezwa beseni la kunawa mikono. Matroni alikuwa mama mnene, mstaafu wa siku nyingi, lakini bado alikaa kitini kama anayesubiri ripoti ya zamu.

"Baba Pacha," alisema. "Wale watoto walizaliwa wadogo kama mikate. Wanaendeleaje?"

"Mmoja anakaribia kukuletea mwingine, Matroni."

"Vizuri. Haya, shida yako."

Kipara alieleza kwa kuzungukazunguka: anakusanya kofia kuukuu, kazi ya kupoteza muda, mzigo mzigo tu, basi kasikia labda. Ukumbi wa Mnara hakuutaja. Mnunuzi anayetaja anakopeleka mali amejifunga kamba mwenyewe.

Matroni aliingia ndani akarudi na foronya nyeupe iliyopigwa pasi. Akatoa ndani yake kofia ya ngozi ya kahawia.

Kipara aliishika, moyo ukamruka kama jogoo aliyefunguliwa kamba. Juu ya sikio la kushoto palikuwa na kiraka, kimeshonwa kwa uzi mweupe. Ndani, kwenye ngozi laini ya kupokelea jasho, palikuwa na maandishi ya wino wa bluu: jina la mume na namba ya ndege. Akainua macho. Ukutani kulikuwa na picha ya kijana amesimama kwenye ngazi ya ndege, amegeuka akimcheka mtu, na juu ya sikio lake la kushoto, wazi kama mchana, kiraka kilekile na uzi uleule. Kichwa kimepatikana. Ushahidi umening'inia msumarini.

Basi kanuni ikamshika ulimi.

"Hm," alisema.

"Hm nini?"

"Hakuna, Matroni. Nilidhani ni nzima." Akaigeuza kwa vidole viwili, kama mtu anayekamata panya mkiani. "Hiki kiraka... nani huyu alishona? Uzi mweupe kwenye ngozi ya kahawia. Na mishono yenyewe kama meno ya mzee: mmoja mkubwa hapa, mdogo pale, halafu pengo, halafu miwili imepandana."

Matroni aliinua mgongo. "Alishona mwenyewe. Kulikuwa na moshi ndani ya ndege, akaruka nje kabla ya ngazi kuletwa, ikachanika kwenye bawaba ya mlango. Mimi wakati huo tulikuwa tunachumbiana, nikamwambia lete nikushonee na sindano ya wodini, akasema hapana, siku ile..."

"Naam, naam," Kipara alimkatiza haraka. Hadithi hupandisha bei kuliko kitu chochote duniani. Ukimwacha mwenye mali aimalize, umekwisha. "Na humu ndani pamechafuka wino. Pameandikwaandikwa. Na jasho! Samahani, mama, lakini inanuka jasho la mtu. Mkanda nao umetafunwa. Hii masikioni ni mipira imeoza. Kitu kama hiki mtu anakichukua kwa kukuonea huruma tu."

Akaiweka mezani, akafuta vidole kwenye suruali. Kufuta vidole ilikuwa pigo lake la mwisho, alilolihifadhi kwa mali kubwa.

Matroni aliitazama kofia kimya. Kisha akavitazama vidole vya Kipara.

"Kwa hiyo ni chafu," alisema.

"Siyo mimi ninayesema, mama. Kitu kinajisema."

"Nipe wiki. Nitafikiri."

Kipara alitoka akitembea kama mwenye viatu vipya. Alikijua kile kimya. Alikisikia mara nyingi kwa watu wa marobota: kimya cha mtu ambaye mali yake imeanza kumnukia mwenyewe. Alimwambia mkewe aanze kupaka chumba rangi.

Aliporudi baada ya wiki, Matroni alimfungulia mlango huku akitabasamu, na hilo peke yake lilitosha kumtia wasiwasi. Mezani palikuwa na foronya mpya. Matroni aliivuta kama anayefunua jiwe la msingi.

"Haya, Baba Pacha," alisema. "Sasa tafuta kasoro."

Kofia ilikuwa nyeusi. Nyeusi ya viatu vya shule siku ya kwanza ya muhula, inang'aa mpaka dirisha likaonekana ndani yake. Kiraka hakikuwepo; mahali pake palikuwa laini kama shavu. Mipira ya masikio imeondoka. Ndani kumewekwa sponji na kitambaa chekundu cha mahameli, chenye mshono wa mashine ulionyooka kama reli. Mkanda mpya, bizimu ya rangi ya dhahabu.

Kipara alitafuta kasoro. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alizitafuta akiomba azikute, hakukuta hata moja.

"Umeona?" Matroni alisema. "Nimempa fundi viatu wa pale kituoni. Nikamwambia, ng'oa kila kilichooza, kila kilichoandikwa, kila kinachonuka. Mume wangu hakuwa mtu mchafu. Nusa."

"Matroni..."

"Nusa, nimekwambia."

Akanusa. Gundi na kiwi.

"Inanuka nini?"

"Duka," Kipara alisema.

"Mbona umekaa? Si ulisema unaichukua kwa huruma? Sasa hata huruma haihitajiki."

Kipara aliomba ruhusa kama mtu aliyeshikwa na tumbo, akatoka, akakimbia. Watu walimpisha, maana mtu mzima mwenye kipara akikimbia mchana ama anafukuzwa ama amefiwa.

Fundi viatu alikuwa ameinamia buti, misumari midogo imepangwa kati ya midomo.

"Ile kofia ya Matroni," Kipara alisema akihema. "Ulivyovitoa viko wapi?"

Fundi alitema misumari kiganjani kwa utaratibu. "Shikamoo kwanza haipo siku hizi?"

"Habari za kazi, fundi. Kiraka kiko wapi?"

"Kiraka? Ngozi ile ilikuwa nzuri, ya zamani. Nilibandika kwenye kisigino cha mtu."

"Mtu gani?"

"Kama ningekuwa nawakumbuka watu kwa visigino ningekuwa polisi."

"Mipira ya masikioni?"

"Imeziba bomba nyumbani. Haivuji tena. Unataka nivunje bomba?"

"Na ngozi ya ndani? Ile laini, yenye wino?"

Fundi aliinua mkono wake wa kulia. Kitambaa alichokuwa akipigia buti kiwi, cheusi tii, kilikuwa ndicho. "Hii ni dawa ya kiatu," alisema kwa furaha. "Ngozi laini namna hii siku hizi hupati. Buti inakuwa kioo."

Kipara alikitazama. Jina la rubani na namba ya ndege vilikuwa humo, chini ya kiwi ya nusu ya mji. Alitaka kukinyakua, lakini mwili una mazoea yake kama punda, na midomo ikafunguka peke yake: "Kitambaa chenyewe kichafu hivyo..."

"Kweli," fundi alisema, "ngoja nikisuuze." Akafungua kopo la petroli.

"Usikisuuze!" Kipara alipiga kelele, hata mwenye buti aliyekuwa amekaa na soksi akaruka. "Kizuri! Kizuri hivyohivyo! Ni kitambaa kizuri sana!"

Fundi alishusha kopo taratibu. Akakitazama kitambaa upya, akamtazama Kipara, na machoni ikamwingia ile nuru ambayo Kipara aliijua vizuri kuliko mtu yeyote, maana ndiyo iliyomlisha. Sitaeleza waliafikiana nini. Itoshe kwamba fundi viatu mpaka leo anavaa kofia nzuri, na wanawe pia, na kwamba Kipara hakupata kupigwa namna ile tangu aingie sokoni.

Nyumbani alikinyoosha kitambaa juani akakigeuza kila upande. Herufi hazikuonekana. Palionekana kitu kama bluu, mahali, ukitaka sana kukiona.

"Rudi kwa Matroni," mkewe alisema, akiwa na brashi ya rangi mkononi. "Mwambie ukweli."

"Nimwambie nini? Kwamba niliitukana kwa sababu naipenda?"

"Mimi mbona ulinichumbia kwa kusema nina miguu mirefu kama ya korongo? Nikaelewa. Lakini mimi nilikuwa kijana, na sikuwa na mtu ukutani."

Akarudi. Akanawa mikono bila kuambiwa. Safari hii alimweleza kila kitu: Mnara, ukuta, kichwa kinachotakiwa, kiraka, wino. Akamwonyesha kitambaa.

Matroni alimsikiliza mpaka mwisho, uso haukusogea. "Kwa hiyo haikuwa chafu," alisema.

"Haikuwa chafu, mama."

"Ulikuwa unaitaka."

"Mno."

"Nikamwosha mume wangu kwa sababu ya mdomo wako." Aliinuka, akaenda dirishani, akarudi. Sauti haikupanda, na hiyo ndiyo iliyomtisha. "Wodini kwangu kulikuwa na wagonjwa waongo, Baba Pacha. Anasema haumwi ili atoke, au anaumwa ili abaki. Lakini sijapata kuona anayemtukana daktari ili apewe dawa. Toa picha ukutani. Polepole, msumari umelegea. Tunakwenda kwa huyo Mnara, na wewe ndiye utakayebeba."

Ukumbi wa uwanja wa zamani ulinukia chokaa mbichi. Mwenye propela alikuwepo, anapima ukuta kwa kamba, na alipomwona Kipara akapiga mluzi. Mnara aliweka kofia, picha na kitambaa juu ya meza, akavitazama kimoja kimoja kwa kioo cha kukuzia.

"Picha ina kiraka," alisema. "Kofia haina. Kofia ya pichani haing'ai. Hii inang'aa. Kitambaa hakisomeki. Sikubali."

"Ni yenyewe, mzee," Kipara alisema. "Nimeishika kwa mkono wangu ikiwa vilevile. Ilikuwa na rangi nzuri, kiraka kizuri, maandishi..."

"Wewe unataka ukuta. Anayetaka kitu atasema chochote."

"Huyo?" Matroni alicheka, cheko fupi kavu. "Huyo akitaka kitu hasifii. Msikilize alivyosema alipokuwa anaitaka." Akafumba macho, mikono tumboni, akasema kama anayesoma chati ya mgonjwa, kwa sauti ya Kipara kabisa, hadi kule kuguna: "'Hm. Uzi mweupe kwenye ngozi ya kahawia. Na mishono yenyewe kama meno ya mzee: mmoja mkubwa hapa, mdogo pale, halafu pengo, halafu miwili imepandana. Humu ndani pamechafuka wino. Mkanda umetafunwa.' Akafuta vidole."

Kipara alitamani sakafu impokee. Mwenye propela aliacha kupima.

Mnara alisema, "Rudia."

Matroni akarudia, bila kupunguza hata guno. Mnara aliinamia picha na kioo chake, kidole kikifuata ukingo wa kiraka. Mkubwa. Mdogo. Pengo. Kisha akaivuta kofia nyeusi, akaigeuza kuelekea mwanga wa mlangoni, juu ya sikio la kushoto. Fundi viatu aliziba mpasuko, akapaka rangi, akang'arisha. Lakini sindano ikishapita kwenye ngozi imepita. Matundu yalikuwepo bado chini ya weusi, madogo kama vinyweleo, na Mnara aliyagusa moja moja kwa ncha ya penseli. Kubwa. Dogo. Pengo. Mawili yamepandana.

"Nimepata," alisema.

Kipara aliachia pumzi ambayo ilikuwa imekaa ndani tangu kwenye baraza la Matroni. "Basi ukuta..."

"Subiri. Mwenye kofia nani?"

"Tulikuwa tunaelewana bei," Kipara alisema.

"Bei ya nini?" Matroni aliuliza. "Ya kitu kinachonuka jasho la mtu? Kofia ni yangu. Nawaazima ukumbi. Na picha. Na koti lake la sherehe lipo, na viatu vipo, na yapo mengi aliyoyafanya siku ya ule moshi, ambayo mtu mmoja alinikatiza nisiyaseme. Nitayasema hapa, na kiti nitakuja nacho."

Mnara aliandika. Sehemu ya katikati, kwenye kabati la kioo, kofia ya rubani na vyake. Pembeni, rafu za chini, kofia za Kipara, zile tu zinazoeleza ile: ya ngozi kutoka kwenye robota, ya redio, ya kaki iliyochomolewa waya, moja ngumu.

"Na zingine?"

"Zingine ni duka."

"Mzee, uliniahidi ukuta mzima!"

"Nilisema uniletee kofia yenye mwenyewe. Mwenyewe kaja na miguu yake. Anahitaji nafasi."

"Na jina langu je?"

Mnara alifikiri. "Patakuwa na kadi ya kueleza ilivyokuwa kabla ya kupakwa rangi. Shahidi aliyeiona ni wewe. Tutaandika maneno yako kama ulivyoyasema."

"Kama nilivyoyasema? Meno ya mzee?"

"Ndiyo ushahidi wenyewe."

Mwenye propela alicheka mpaka akakalia propela yake.

Siku ya kuweka vitu, Kipara alifika na vichwa vyake vichache vya mbao ndani ya sanduku, akavipanga kwenye rafu ya chini akiwa amepiga magoti. Kofia nyingine, ambazo ndizo nyingi, zilikuwa zimehamia juu ya kabati, chini ya kitanda na jikoni, na Mama Pacha alikuwa hajaongea naye tangu akute bereti kwenye sufuria. Kila alipoinua macho aliona kadi. Jina lake lilikuwepo, kwa herufi safi, na mbele yake maneno yake yote, hadi guno.

Matroni alikuwa amesimama mbele ya kioo cha katikati na funguo. Mnara alimkabidhi yeye, kwa kuwa mama huyo alisema funguo za mahali popote zinakaa kwa matroni. Alikuwa amekifungua kile kioo, na sasa alitoa mkobani kopo la kiwi nyeusi na brashi.

"Matroni!" Kipara alinyanyuka, magoti yakalia. "Matroni, nakuomba, usiiguse tena!"

"Ina vumbi."

"Vumbi si kitu, mama! Iache hivyohivyo, ni nzuri!"

Alisimama na brashi hewani, akamgeukia, akampima kutoka utosini hadi miguuni. "Unasema ni nzuri?"

"Nzuri sana. Naapa."

"Basi hutaki kitu," Matroni alisema, akachovya brashi.